Ndoo za Mamumunye Nyuma ya Jikoni

Sipendi mamumunye. Niseme hivyo mwanzo, tusije tukadanganyana. Waarabu wanayaita kusa, wanayajaza wali na nyama ya kusaga, wanayapanga kwenye sufuria kwa heshima zote, na mimi bado naona maji tupu yaliyovishwa ganda la kijani. Ukiyakaanga yanalegea yanakuwa kamasi. Ukiyatia nazi yanaiharibu nazi. Ukiyafanya bajia, unakula unga wa dengu na kitunguu, mumunye lenyewe limeshatoka maji likaondoka zake. Na mmea wake! Majani yana vinywele vinavyowasha mpaka kwenye kiwiko, na chini ya kila jani kuna vidudu vyeupe, ukigusa tu vinakurukia usoni. Ptuu!

Basi Mwenyezi Mungu akanipa mama mkwe anayeyapenda.

Tunakaa naye huku Uarabuni, mtaa wa Al Twar, nyumba ya chini yenye ua mdogo nyuma ya jikoni. Alikuja nchi hii bi harusi kutoka Unguja, akazalia hapa, akafiwa na mume hapa, na jiko lile ni lake kuliko langu. Bibi huyu anapika, sisemi uongo. Watu walikuwa wakitoka Sharjah kuja kula pilau yake ya Ijumaa, na wanakuja na njaa makusudi. Msimu wa kwanza aliponunua mbegu za mamumunye akazipanda kwenye ndoo kubwa za rangi, sikuwa na neno. Alizipanga ndoo ukutani, akatega maji yanayodondoka kwenye AC ili azinyweshee, na kila alfajiri baada ya sala anatoka na kijibrashi, anachota unga wa ua dume anaupaka ua jike, maana nyuki hawafiki uani kwetu. Pembeni alipanda na vibuyu vidogo vya rangi rangi, vya pambo, vya kuweka kabatini. Mwisho wa msimu aliacha mamumunye mawili yakomae mpaka yakawa magumu, akatoa mbegu, akaziweka za mwaka wa pili. Mimi nikala, nikameza, nikanyamaza.

Kiangazi kilichofuata akashikwa na homa na mafua makali, akalala kitandani mpaka tukaogopa. Joto lilipoanza kupungua aliinuka, akarudi kwenye ndoo zake. Safari hii akaja na matumbo ya samaki.

Ndiyo, matumbo ya samaki. Alikuwa akiyaomba kwa wale wanaoparua samaki sokoni Deira, mfuko mzima, na vichwa na magamba, akayazika kwenye udongo wa kila ndoo kama mama yake alivyokuwa akifanya shamba. Lakini shamba ni shamba! Hapa ni ua wa kujibana, ukuta pande zote, na jua la mwezi wa kumi bado linapika. Haikwisha wiki. Nzi wakaja, funza wakaja, paka wa mtaa mzima wakaja wakafukua kile kilichozikwa. Shombo likaingia kwenye mapazia, likaingia kwenye buibui langu kambani, ninywe chai naisikia samaki. Nilikuwa nikifungua mlango wa uani nakabwa na kichefuchefu hapo hapo. Na bibi yumo katikati ya uvundo ule, kainama, pua inakaribia kugusa udongo, anaimba kasida kwa raha zake.

Sasa, kwetu mtu hamwambii mama mkwe kwamba vitu vyake vinanuka. Haisemwi. Kuna njia yake: unafukiza udi. Mtu anasikia harufu mbaya, kisha anasikia udi umeizidi, anajua ameshitakiwa, anajirekebisha, hakuna aliyevunjiwa heshima. Nikafukiza. Asubuhi nafukiza, magharibi nafukiza, udi wa bei, moshi mpaka kengele ya moto inalia darini. Nikakipitisha chetezo mlangoni mwake, nikakipitisha juu ya ndoo zenyewe. Bibi akaniangalia, akatabasamu.

“Mashallah, mwanangu,” akasema. “Siku hizi mume anapendwa humu ndani!”

Nikasema loo, huyu ananikejeli. Kumbe hata haya hana! Watoto niliwafunga midomo, atakayemwambia bibi neno juu ya ndoo zake atanijua mimi nani. Nikamgeukia mume wangu.

“Mwambie mama yako.”

“Mwambie wewe. Ninyi wanawake mnajua kusemezana.”

“Mama ni wako!”

Basi yeye naye, dume zima, akanunua manukato ya kopo, akawa anapulizia ukumbi mama yake akishapita. Mwisho nikachoka. Nikamwambia, ndoo hizi au mimi, chagua.

Akakaa na kaka yake wa Sharjah wakazungumza. Wakaamua mama arudishwe Unguja kwa dada yao, akakae huko moja kwa moja, apumzike. Mnaona mambo yetu? Kumhamisha mama nchi kulikuwa kwepesi kuliko kumwambia ndoo zako zinanuka. Na walijua hataki. Kwenda Unguja kutembea anapenda, anarudi na karafuu na pweza mkavu. Kwenda kukaa hataki hata kusikia. “Nikakae na nani?” husema. “Wenzangu wote wako huku, na waliokufa wamezikwa huku.” Wakapanga Ijumaa, baada ya chakula, wamwambie wote wawili. Mimi nilifurahi. Nilishaanza kuwaza jiko langu, madirisha wazi.

Ijumaa ile shemeji akaja. Na Ijumaa ile ile bibi akawa amevuna kwa mara ya kwanza, mamumunye ya zile mbegu alizoziweka mwenyewe. Akayajaza nyama na wali, akayapika kwa tui zito, akayaleta mezani anayanyanyua kwa mikono miwili.

Nikakata kipande, nikatia mdomoni. Yarabi! Mshubiri una afadhali. Uchungu ulinishika ulimi, ukashuka kooni, masikio yakazizima. Nilitaka kutema pale pale mbele za watu. Shemeji alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Mume wangu anatafuna macho yamejaa machozi. Watoto wananitazama, mashavu yamefura, hawajui wameze au wafanye nini. Nikawanyooshea mkono, wakatema. Na hakuna mtu mzima aliyesema kweli!

“Mashallah mama, mikono yako haikosei,” akasema shemeji, na jasho linamtoka.

Nilikinai. Nilikinai mamumunye, nilikinai na uongo wa watu wale. Nikasema huyu bibi kashasikia habari ya safari, sasa anatulisha kisasi. Nikainua macho nimkazie.

Alikuwa anakula. Moja limeshakwisha, anakata la pili, vidole vimejaa mchuzi. Anakula kama ule ni wali mtupu. Na macho yake hayako kwenye sahani. Yanatoka mdomoni kwa shemeji yanaenda mdomoni kwa mume wangu, yanakuja mdomoni kwangu.

“Imekolea?” akauliza. “Chumvi vipi?”

Alikuwa akiuliza hivyo kila siku tangu atoke kwenye ile homa. Kila siku nilidhani anataka asifiwe.

Hakuna binadamu anayeweza kujilisha uchungu ule makusudi. Huyu hasikii ladha. Nikatazama dirishani, nikaziona zile ndoo, nikaelewa na lililobaki. Harufu pia hasikii. Miezi yote ile nilikuwa nikimfukizia udi mtu ambaye pua yake haifanyi kazi.

Nikamnyang'anya sahani.

“Mama, usile! Machungu haya! Machungu ya sumu!”

“We!” mume wangu akaniruka.

Bibi alibaki na kipande mkononi. Akawageukia wanawe.

“Kweli machungu?”

Wakainamisha vichwa.

“Na mnakula?”

Akaondoka mezani, akaenda jikoni, nami nikamfuata.

“Tangu ile homa,” akaniambia, mgongo kanipa. “Nikasema itarudi, haikurudi. Napika kwa mazoea ya mkono tu, halafu natazama nyuso zenu.”

“Kwa nini hukusema, mama?”

“Nikisema, mtaniachia sufuria?”

Nami hasira zikanipanda upya, sijui hasira za nani. “Na ndoo zako zinanuka!” nikamwambia. “Zinanuka uvundo, mama. Nimekaa na kichefuchefu tangu mwezi wa kumi. Nyumba nzima inanuka samaki aliyeoza!” Hivyo hivyo, bila udi. Akaweka kiganja mdomoni.

Mume wangu akaingia na kaka yake nyuma yake, akakohoa kile kikohozi cha wanaume. “Mama, kuna jambo tulikuwa tunataka…”

“Khalas, hakuna jambo,” nikamkata. “Mama haendi popote. Nendeni mkamwage hayo mamumunye, mkimaliza mkazoe zile ndoo nje.”

Wakaenda.

Tumbo lilimsokota bibi mpaka kesho yake, alhamdulillahi akapona. Nimekuja kuambiwa kwamba ni vile vibuyu vya pambo, vilichanganyika maua na mamumunye kwa kile kijibrashi, mbegu zikaharibika. Siku hizi tunanunua mbegu dukani, na kila mumunye nalikata kipande kibichi nakigusisha ulimi kwanza. Likiwa zuri ananipa na mchuzi nionje, kijiko baada ya kijiko. Chumvi bado. Ndimu imezidi. Mimi, nisiyependa mamumunye, siku hizi ndiye ninayeyala kuliko wote, na bado yananichefua vile vile.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile wanaume walipotoka na sufuria tulibaki wawili pale jikoni. Nilidhani atanikasirikia, na nilikuwa tayari. Akasogea kwenye sinki, akajitazama kanga, akajitazama mikono, kisha akaniuliza polepole:

“Mwanangu, niambie kweli. Na mimi nanuka?”

Nilitaka kusema hapana. Nikamsogelea nikaweka pua shingoni kwake, kwenye kanga, kwenye viganja.

“Mikono, mama,” nikasema. “Na kanga.”

Akageuza uso ukutani, akaninyooshea mikono yote miwili. Nikafungua bomba.