Mchonga vigoda wa Bashay aliyemletea mjukuu nyangumi

Saa mbili asubuhi ukungu bado umekikalia kijiji cha Bashay, na Mzee Onesphory Lohay ameshaketi kibarazani kwake akiwa amefungwa macho kwa kitambaa cha kichwani cha mkewe. Mkono wa kushoto umeshika kipande cha mti wa mringaringa, wa kulia una kisu. Mgeni akiingia uani anaweza kudhani mzee wa watu anaadhibiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa hapo, lakini usinisemeshe kwanza. Niko mdomoni."

Ni mdomoni mwa nyangumi. Kidole gumba chake kinatembea kwenye taya, kinasita, kinarudi kilikotoka. Anatikisa kichwa. Anachonga kidogo, anapuliza vumbi, anapapasa tena. Kuku wanadonoa maranda miguuni pake bila wasiwasi wowote, wamezoea.

"Huyu meno hayajakaa," anasema hatimaye, akivua kitambaa. "Ukimpapasa sasa hivi utaapa ni mbuzi."

Mzee Lohay ana miaka 61. Zaidi ya thelathini kati ya hiyo ameitumia kuchonga vigoda, miiko, mipini ya majembe na mizinga ya nyuki. Kigoda kimoja kwenye mnada wa Dongobesh humpa shilingi elfu kumi na mbili, na mwezi ukiwa mbaya huuza vitatu tu. Bahari hajawahi kuitia machoni. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Ziwa Basotu, "na hapo nilisimama mbali, kwa sababu ya viboko."

Sasa mzee wa milimani, mwenye ng'ombe wanne na shamba la mahindi na maharage, amejuaje kumtofautisha nyangumi bluu na nyangumi mwenye nundu kwa kidole gumba? Jibu la swali hilo lina miaka kumi na moja, lina mdomo mrefu, na asubuhi hii liko shuleni Dongobesh. Linaitwa Doris.

Doris ni mjukuu wake. Haoni tangu alipougua akiwa na miaka miwili. Wazazi wake wanalima upande wa Gitting, naye amelelewa Bashay na babu na bibi. Anasoma kwenye shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi wasioona, analala bweni, na likizo hurudi nyumbani na maswali gunia zima.

"Huyu mtoto alianza kuuliza kabla hajaanza kutembea," anasema bibi yake, Agatha, akicheka. "Ukimjibu, anauliza jibu lako umelitoa wapi."

Ndiyo maana Juni mwaka jana, aliporudi likizo akiwa kimya, nyumba nzima iliingiwa na hofu. Alikula, alifua, alisali, lakini hakuuliza kitu. Siku ya tatu akatamka mwenyewe: shule harudi.

Kisa kilikuwa nyangumi. Darasani kulikuwa na somo la wanyama wa baharini, na ukutani kumebandikwa chati. Wenzake wanaoona wakawa wanashindana kuwataja: yule mwenye nundu, yule mwenye pembe, yule mkubwa kuliko wote. Doris akauliza wanatofautianaje. Mtoto mmoja, bila ubaya wowote, akamjibu, "Si unaona hapo kwenye picha?" Darasa likaangua kicheko. Na yeye akacheka nao, lakini moyoni mwiba ulikuwa umeshaingia.

"Akaniambia, 'Babu, shule ni ya watu wenye macho. Mimi nitakaa hapa nikamue ng'ombe,'" anakumbuka Mzee Lohay. Sauti inashuka. "Iliniuma. Iliniuma kweli, sikufichi. Kukamua siyo kazi ya aibu, mama yangu alikamua maisha yake yote. Lakini Doris wangu, na akili ile! Nilisema hapana. Kama tatizo ni nyangumi, basi nyangumi wataletwa Bashay."

Kesho yake alipanda basi dogo mpaka Dongobesh kumtafuta Mwalimu Felician Tarmo, anayefundisha kwenye kitengo hicho. Mwalimu akamfungulia picha kwenye simu na kumchapishia tano. Mzee akarudi nazo zimekunjwa ndani ya koti, akazibandika kibarazani, na majirani wakaanza kuja kushangaa.

Aliyeshangaa zaidi ni Bonaventura, jirani wa ng'ambo ya korongo. Alipoambiwa nyangumi si samaki, kwamba anazaa na kunyonyesha, alikaa kitako kabisa.

"Ananyonyesha? Humo humo majini?"

"Humo humo."

"Na anayemkamua ni nani?"

Mzee Lohay alimfukuza, maana alikuwa na kazi na likizo ni fupi. Alichonga nyangumi watano, kila mmoja urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Alivyozoea kufanya kwenye vigoda ndivyo alivyofanya: akawapiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Kisha akanunua rangi. Nyangumi bluu akapakwa bluu. Yule mweusi mwenye mabaka meupe akapewa mabaka yake. Mwenye kichwa kikubwa akapata kijivu kizuri. Walipokauka, kijiji kilikiri kuwa Lohay hajawahi kuchonga vitu vya kupendeza namna ile.

Jumapili baada ya ibada akamwita mjukuu, akampakatisha wote watano.

Doris akawageuza mmoja mmoja. Akashukuru, kwa sababu amelelewa vizuri. Halafu akauliza kwa upole, "Babu, ni sabuni?"

Agatha anasema alicheka mpaka akajishikiza ukutani. Mumewe hakucheka.

"Tofauti zote nilikuwa nimezipaka rangi," anasema, na mpaka leo anajipiga paji la uso. "Mtoto haoni, mimi nampakia rangi! Mzee mzima na mvi zangu! Yaani hata ule mwili wenyewe niliusugua mpaka ukaisha."

Alitundika tezo, chombo chake cha kuchongea, akaenda kupalilia maharage. Shule ilikuwa imebakiza wiki mbili na ushei ifunguliwe, na Doris alikuwa ameshaomba ndoo yake mwenyewe ya kukamulia.

Ng'ombe ndio waliomwokoa mzee. Jioni moja alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, Doris akiwa ndani anawahesabu kama kawaida yake, kwa mkono: huyu pembe ya kushoto imevunjika, huyu nundu yake imelala upande, huyu ana kovu begani. Akafika kwa mmoja, akashika sikio, akatulia. Ng'ombe wa Lohay wana mkato mmoja chini ya sikio. Huyu alikuwa nao miwili.

"Babu, huyu si wetu. Ni wa kwa Bonaventura. Mrudishe kabla mwenyewe hajaanza kelele."

Ng'ombe huyo alikuwa amelala humo tangu jana yake. Mzee alikuwa amempita mara nyingi tu, na macho yake yote mawili.

"Nilisimama pale kama mti," anasema. "Nikajiambia, Onesphory, huyu mtoto anajua ng'ombe kuliko wewe. Wewe unamletea picha za nini?"

Akarudi Dongobesh. Safari hii alimkuta Mwalimu Felician anafua nguo nje ya nyumba yake, na hakusubiri hata maji yamwagwe.

"Mwalimu, picha sitaki tena. Niambie, nikimpapasa nitakuta nini?"

"Nilicheka kwanza," anakiri Mwalimu Felician. "Halafu nikaacha nguo kwenye beseni. Tulikaa na vitabu mpaka jioni, na nakwambia, hata mimi niliyesomea ualimu wa wasioona nilifurahi kama mtoto."

Wakakubaliana kuanzia mdomoni, kwa kuwa huko ndiko nyangumi wanakogawanyika. Wapo wenye meno, na wapo wasio na jino hata moja, ambao badala yake wana nyuzi ngumu za kuchujia chakula. Mzee akazitengeneza kwa katani ya ufagio, akazipanga kwenye taya la juu moja moja. Wenye nyuzi wana matundu mawili ya pumzi utosini, wenye meno wana moja. Mkia wa wote umelala, haukusimama kama wa samaki.

Baada ya hapo, kila mmoja na yake. Nyangumi bluu ni mrefu mwembamba, kidole kinasafiri sana kabla ya kufika kwenye pezi dogo la mgongoni, na chini ya koo ana mifereji kama matuta ya viazi. Mwenye nundu naye ana mifereji hiyo, lakini kichwani ana vinundu, na mikono yake, yaani yale mapezi ya ubavuni, ni mirefu ajabu. Mwenye kichwa kikubwa ana kichwa cha mraba kama sanduku la nguo, ngozi imekunjamana, na tundu lake la pumzi liko upande wa kushoto. Mwenye pembe hana pezi mgongoni, na pembe yenyewe kumbe ni jino lililotoboa mdomo na kujisokota. Wa tano ni yule mweusi mwenye mabaka, ambaye pezi lake la mgongoni limesimama wima. Huyo, mwalimu alisema, kwa ukoo ni pomboo, ila watu wamezoea kumwita nyangumi.

"Hata kwenye ukoo wetu wapo wa hivyo," anasema Mzee Lohay bila kutaja majina.

Msasa aliufungia kabatini. Akaomba kitambaa cha Agatha, akajifunga macho, na hapo ndipo kazi ilipoanza upya. Alijikata gumba mara mbili. Alimaliza wa tano Jumamosi, na shule inafunguliwa Jumatatu.

Jumapili hiyo Doris alikaa nao kibarazani muda mrefu. Safari hii hakushukuru haraka. Aliingiza kidole mdomoni mwa mmoja, akakitoa, akakiingiza tena. Mara akaanza kuuliza. Kwa nini huyu tundu lake liko kando? Huyu asiye na meno anakula nini akashiba? Agatha, aliyekuwa jikoni anasonga ugali, aliacha mwiko akatoka nje. Maswali yalikuwa yamerudi nyumbani.

"Doris," babu akasema, "kesho utaenda shule?"

"Nitakujibu ukiwataja wote watano. Kwa kupapasa."

Mzee akafungwa kitambaa, na bibi akakaza fundo mwenyewe asije akachungulia. Wa kwanza, mwenye pembe. Sawa. Wa pili, kichwa cha sanduku. Sawa. Wa tatu, pezi la wima. Sawa. Wa nne akagusa mifereji ya kooni, akapaza sauti kama mwanafunzi anayejipendekeza, "Nyangumi bluu!"

"Umekosa."

"Nimekosaje? Nimemchonga mimi!"

"Hujapapasa mikono, babu. Ni wa nundu." Doris akaanza kucheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika pale tangu aliporudi. "Una haraka kama watu wenye macho!"

Mzee alibaki na kitambaa usoni muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Anasema kilikuwa kimelowa.

"Sasa nimefeli. Huendi?"

"Naenda. Lakini na wewe unakuja, maana hujui kitu. Na hawa tunawabeba."

Jumatatu hiyo gunia la nyangumi lilishuka Dongobesh. Darasa lilelile lilifungwa vitambaa, wanaoona na wasioona wakawa sawa, na Doris akapita dawati hadi dawati akisahihisha. Mtoto mmoja alipolalamika kuwa nyangumi gani huyu mdogo hivi, mzee alifungua kamba za ng'ombe alizokuja nazo, akaziunganisha, na watoto wakazishika wakajipanga kutoka mlango wa jiko la shule mpaka uzioni. Huo ndio urefu wa nyangumi bluu mkubwa, karibu mita thelathini. Doris alisimama mkiani, akamwambia aliye kichwani apige kelele. Sauti ilimfikia kutoka mbali, naye akasema, "Loo!"

Tangu siku hiyo Mzee Lohay huenda shuleni hapo kila anapokwenda mnadani. Huyu wa asubuhi ya leo, ambaye meno hayajakaa, ni wa seti ya pili, ya kitengo kingine cha wasioona kilichoomba. Vigoda vimepungua, na Agatha hanung'uniki, ila vitambaa vyake vya kichwani amevificha vyote isipokuwa hicho kimoja.

Mwalimu Felician amewaambia kuwa wakati wa baridi nyangumi wa nundu hupita karibu na pwani yetu, na kwamba huibuka juu ya maji kupumua kwa kishindo. Basi zizini kuna ndama dume ambaye masikio yake hayajakatwa. Huyo atauzwa akikua, awe nauli ya watu wawili kwenda pwani.

Jumamosi Doris alikuja kusalimia nyumbani, na mwandishi alimkuta ameegemea bega la babu, kidole chake mdomoni mwa yule nyangumi wa kibarazani.

"Tukifika baharini," alisema, "babu ataniambia anaona nini. Na mimi nitamwambia ni yupi."

"Na ukikosea?" babu akamchokoza.

"Sikosei. Mimi sina haraka."