Nilimwambia nesi "baba" yuko nje, akamwita mtu mwingine

Wakuu, salamu kutoka Nyansiongo, Nyamira. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sitatia chumvi, maana hayahitaji.

Nina mimba ya kwanza, miezi mitatu na kidogo. Natamani kujifungua kwa njia ya kawaida.

Dada yangu alikaa nyumbani na uchungu kwa kukosa gari, akafika hospitali amechoka kabisa, ikabidi apasuliwe. Yeye na mtoto wako salama, lakini mimi nikasema nitajipanga mapema.

Basi nikaanza kliniki. Vidonge vya kuongeza damu nameza, mboga za chinsaga nakula, jioni natembea. (Wale mnaogopa vile vidonge eti vinanenepesha mtoto: niliuliza, si kweli. Vinakusaidia usipungukiwe na damu.)

Tatizo langu lilikuwa moja tu: gari.

Mume wangu anafanya kazi Mombasa, na mvua ikinyesha bodaboda hazifiki kwetu. Gari la karibu ni pikapu ya baba mkwe, ya kubebea maziwa.

Mtasema, si umwambie tu? Wenzangu wa Kisii mnaelewa. Kwa wengine, nieleze polepole: kati ya mkaza mwana na baba mkwe kuna ensoni, yaani heshima yenye aibu ndani yake. Mambo ya mimba huwezi kumtajia.

Nilimwomba mama mkwe amwambie, akacheka. "Hata tumbo halijatokea, wewe ushaanza kutafuta gari!"

Siku ya kliniki alimwambia mzee kwamba naumwa na kichwa, akatubeba pamoja na mitungi yake.

Nesi wetu ni mama mchangamfu kutoka Ukambani, hana muda mrefu huku. Akaniambia hakuna anayeweza kukuahidi kujifungua kawaida, lakini kufika mapema kunasaidia sana.

"Sasa, uchungu ukianza nani atakuwa na wewe?"

"Baba," nikajibu. "Tumekuja naye, yuko nje."

Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Kwa Ekegusii, "baba" ni mama. Baba mzazi tunamwita "tata". Mama mkwe nimezoea kumwita baba, na likatoka hivyo hivyo.

Nesi akafurahi. "Wanaume kama hao ni wachache!" Akaenda mlangoni. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mzee amesimama kando ya pikapu.

"Mzee! Wewe ndiye baba? Ingia tupange vile huyu msichana atazaa!"

Nilijifunika uso na leso.

Mzee akavua kofia, akaivaa tena. "Hapana, daktari. Mimi si baba. Mimi ni tata. Baba ni yule." Akamwonyesha mama mkwe.

Nesi akamtazama mama wa watu, kikapu, kitambaa cha kichwa na yote. "Huyu ndiye baba?"

"Ndiye mimi," mama mkwe akasema, akainuka.

Benchi nzima iliangua kicheko.

"Haya, baba aingie. Na wewe tata, kazi yako itakuwa gani?"

Mzee akatazama barabara, asinitazame mimi. "Yangu ni gari. Hiyo msiulize, iko."

Tulirudi nyumbani kila mtu akitazama mbele. Asubuhi yake nikamsikia uani akimwambia mama mkwe, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni kwangu:

"Kuanzia leo mitungi inakaa nyuma. Kiti cha mbele kisiwekwe kitu."

Wakuu, nilikaa chini nikalia kwa furaha.

Nilichojifunza ni kwamba mboga na mazoezi ni vizuri, endelea navyo. Lakini watu watakaokufikisha hospitali wajue mapema, hata kama tumbo bado halionekani. Na kama kuna usiyeweza kumtajia, mtafute wa kumfikishia habari. Huenda anangoja tu apewe kazi.

Kwenu je, ni nani ambaye haruhusiwi kuambiwa, na mlimfikishia vipi? Semeni, nasoma yote.