Vichupa Viwili vya Merlin

Selfina, mke wa kaka yangu Alpius, ni mbishi toka tumboni mwa mama yake, na ubishi wake ulitunyima hata kaburi. Alpius alizama miaka mitatu iliyopita nje ya kisiwa chetu cha Mahengetang, pale bahari inapotokota yenyewe. Hatukumpata. Kwetu aliyepotelea baharini tunalizika shati lake, basi, watu wakalia yakaisha. Selfina akakataa kulitoa shati.

"Chini kule kuna moto, wifi. Mapovu yanapanda kila siku. Na yeye atapanda."

"Miaka mitatu, Selfina? Anasubiri nauli?"

Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikuwa nimechoka. Mama yetu alikufa akiulizia kaburi la mwanawe, na sikumsamehe Selfina kwa hilo.

Jumamosi moja nilimkuta jikoni na binti yake, Merlin, aliyepewa kazi ya shule: kuonyesha chemchemi za moto za kilindini. Mezani palikuwa na chupa kubwa ya kioo, mdomo mpana, imejaa maji ya barafu. Pembeni vichupa viwili vya dawa, vyote wazi, vyenye maji mekundu: kimoja ya moto, kingine ya baridi. Merlin akakifunga uzi kile cha moto, akakishusha hadi chini. Weee! Wekundu ukafoka kama moshi, ukapanda mpaka juu.

Selfina akapiga makofi. "Umeona, wifi? Umeona? Haya, niiteni tena mwendawazimu!"

"Bado cha baridi," Merlin akasema, akakishusha.

Tukangoja. Rangi ikakaa humohumo kichupani.

"Mbona hii haipandi?" Selfina akauliza.

"Maji yake yamepoa, mama. Kilichopoa hakipandi. Kinabaki chini."

Alisema huku anaandika daftarini, hata uso hakuinua. Selfina akainama, akakitazama kile kichupa kwa muda mrefu. Kisha akaingia chumbani, akarudi na lile shati la bluu limekunjwa, akaniwekea mapajani.

"Mwite fundi wa jeneza, wifi."

Miaka mitatu nimelidai shati lile kwa maneno makali. Sasa ninalo, na kiraka nilichomshonea kaka yangu bado kipo begani. Nikaliweka mezani. Nikabandika birika motoni.

"Rudia, Merlin," nikasema. "Hicho cha pili. Safari hii kitie maji ya moto."