Siku Mbili Nje ya Eda

Kimbunga kilipotangazwa, mama yangu alikuwa ametimiza miezi miwili ndani ya eda. Baba alikuwa amefariki, na mama alivaa nguo nyeupe akakaa ndani ya nyumba ileile aliyofia mumewe, kama walivyokaa mama yake na bibi yake. Hatoki mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Hajitii manukato, hapaki wanja, na mwanamume asiye wa damu yake hamwoni. Mwenye neno naye husimama nje ya pazia la mlango, akalisema, akaenda zake.

Nyumba yenyewe iko bondeni, hatua chache kutoka Mto Msimbazi. Baba aliijenga wakati ambao mto ulikuwa na mahali pake na watu mahali pao. Siku hizi mvua ikinyesha asubuhi moja tu, maji yanaingia uani. Ukutani kuna alama za matope za miaka mbalimbali, na mama huzipaka chokaa kila Ramadhani ikikaribia. Mimi nakaa Kariakoo, ghorofa ya tatu, na chini nina fremu, duka dogo la vitambaa. Mlangoni kwangu anashona fundi mmoja mtu wa Lindi, mpole sana, muda wote ana pini mdomoni, kwa hiyo maneno yake ni machache.

Nina hasira za karibu, hilo nalikiri mapema. Nikiona jambo liko wazi na mtu halioni, nachemka.

Asubuhi ile gari la matangazo lilipita likisema kimbunga kiko baharini kinakuja pwani, na wakazi wa mabondeni wahame mapema. Kariakoo wakaanza na utani, kama kawaida yao. "Kikifika hapa kitaibiwa simu," alisema jirani yangu muuza mikoba, tukacheka sote. Lakini nikaona anacheka huku anafunga kamba ya pili kwenye turubai lake. Kufikia adhuhuri mishumaa ilikuwa imeisha maduka yote ya mtaani kwetu. Wamachinga wakavunja vibanda vyao wenyewe, bila kufukuzwa na mtu, wakabeba mbao kichwani. Hapo utani ukakatika. Nikafunga duka, nikachukua bajaji mpaka bondeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Duka umemwachia nani?"

"Mama, funga nguo zako, tunaenda kwangu."

"Mimi nina eda," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Nikamweleza habari ya kimbunga. Alikuwa ameisikia. Nikamwambia dini haina ugumu huo, mwenye eda akihofia roho yake anaruhusiwa kutoka. Akasema, "Najua." Nikamuuliza, sasa? Akasema, "Sasa nini? Najua, na sitoki."

Sababu yake niliijua, na ndiyo iliyokuwa inanitia wazimu. Siku aliyofariki, baba aliamka na nafuu akaomba mtindi. Mama hakuwa ametoka kando ya kitanda cha baba wiki nzima, alikuwa anamgeuza, anamfuta, anamsomea. Akajifunga khanga, akavuka barabara kwenda kununua mtindi. Aliporudi na kikombe mkononi, baba alikuwa amekwisha kwenda. Tangu siku ile alisema maneno yaleyale tu: nilitoka kidogo. Wageni wakija kutoa pole, nilitoka kidogo. Akiswali, akimaliza, nilitoka kidogo. Kwenye godoro la maiti alimuahidi baba kwamba safari hii hatatoka.

Ningekuwa mtu mwenye adabu ningelishughulikia hilo. Mimi nikapaza sauti. "Kwa hiyo unataka tuje kukuokota mtoni?" Maneno yalinitoka hivyohivyo, kwa mama yangu mzazi, mjane.

"Punguza sauti," akasema. "Majirani watadhani kuna msiba mwingine."

Nikakaa chini. Mwisho akasema, "Kama ni hukumu ya dini, wewe si wa kunipa. Mlete shehe aliyemzika baba yako, asimame pale mlangoni, aniambie toka. Akisema, nitatoka." Nikatoa simu palepale nimpigie. Akatikisa kichwa. "Simu? Watu wanatapeliwa kwa simu kila siku. Nitajuaje kama ni yeye?"

Kesho yake nikamtafuta shehe. Msikitini wakaniambia alivuka juzi kwenda Kigamboni, ana mgonjwa. Nikampigia, akapokea haraka. "Mwambie atoke, bibi, hiyo ni dharura, wala hakuna mjadala. Lakini mimi huku nimekwama, pantoni zimesimama." Sikuamini, nikaenda mwenyewe Magogoni, kwenye kivuko. Geti limefungwa, watu wamesimama na mizigo yao wanaangalia maji, na maji yale si ya kuangalia. Pale Feri wavuvi walikuwa wamevuta boti zao hadi karibu na barabara, na wakaanga samaki wamezima majiko. Soko lile halinyamazi, mimi nimelizoea miaka yote, lakini siku ile nilisikia upepo tu. Nilirudi Kariakoo karibu nakimbia.

Fundi alikuwa peke yake mlangoni anafunika cherehani. Nikamtazama. Anasoma vizuri Kurani, hilo nalijua, amelelewa chuoni. Ana umri wa heshima. Na nilijua mama hajawahi kukaa naye kuongea.

"Fundi, una kanzu?"

"Ninazo kumi na mbili, dada. Zote za watu."

Nilipomweleza alitoa pini zote mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati. "Dada, hiyo ni dhambi."

"Hukumu ni ya kweli, shehe mwenyewe kaitamka sasa hivi. Wewe unaifikisha tu."

"Kuifikisha sawa. Lakini nitasema mimi ni nani?"

"Usiseme. Toa salamu, sema hukumu, ondoka. Fundi, nakuomba. Mama yangu atakufa na maji."

Alikubali kwa sababu ya hilo la mwisho, nadhani. Akachukua kanzu moja ya mteja, tukaenda. Bondeni watu walikuwa wanabeba magodoro kupandisha juu, wengine wameamua kubaki, wanapanga mawe juu ya mabati. Fundi akasimama nje ya pazia. Mimi nikaingia ndani kwa mama.

"Assalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," mama akajibu.

Fundi akakohoa, akasema hukumu yote kama nilivyomfundisha, na akaongeza aya ya Kurani ya kwake mwenyewe, vizuri kabisa, kuhusu kutojitupa katika maangamizi. Mama aliinamisha kichwa muda wote. Alipomaliza, mama akauliza, "Na siku nitakazokaa nje, shehe?"

Hilo hatukulipanga. Fundi akatafuta jibu lake mwenyewe. "Zinahesabika, mama. Mwenyezi Mungu anajua."

"Haya. Ahsante. Mungu akulipe."

Akanyanyuka. Akatazama kitanda cha baba, kile kilichobaki na mashuka yake, akazima redio, akajifunika gubigubi na kutoka. Miezi miwili hajaona jua, akafumba macho kizingitini. Nikamshika mkono. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda, na leo nikiikumbuka naona aibu.

Upepo ulianza alfajiri. Haukuwa kitu cha kuchezea mwanzoni, bati la kibanda liliruka mtaani likaenda kugonga nguzo, mvua ikaingia kwenye madirisha kwa ubavu, umeme ukakatika. Mama alikaa chumbani kwangu, uso ukutani, tasbihi mkononi. Mimi nilisimama kwenye dirisha la varanda. Nitasema ukweli wangu: nilikuwa naomba kimbunga kije. Nilitaka mto upande, nilitaka nyumba ile izame mpaka paani, ili nionekane nilikuwa sahihi. Niliomba hivyo, mimi mwenyewe, nyumba aliyoijenga baba yangu. Mungu anisamehe.

Hakikuja. Kufikia alasiri mvua ikawa manyunyu. Redio ya jirani, ile ya betri, ikasema kimbunga kimepoteza nguvu baharini kabla ya kugusa nchi kavu. Chini wakaanza kufungua maturubai na utani ukarudi palepale ulipokatika. "Kimeona foleni ya Bongo, kikageuza!" mtu akapiga kelele, mtaa mzima ukacheka. Nilifunga dirisha, lakini mama alikuwa amekwisha sikia.

Asubuhi iliyofuata nikamrudisha. Mto ulikuwa umejaa na haukuvuka kingo. Wanawake waliobaki walikuwa wanafagia majani, wakamsalimia wakatazama pembeni. Ndani palikuwa pakavu, isipokuwa tone moja lililovuja juu ya sanduku. Mama akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha baba, akaweka kiganja juu ya shuka, akakaa hivyo. Nilimngojea aseme, anitukane, chochote. Nikaondoka bila kuagwa.

Wiki tatu akawa ananijibu salamu tu. Nampelekea chakula, anapokea. Namuuliza anaendeleaje, anasema namshukuru Mungu. Fundi naye hana raha, anashona mkono wa kushoto mahali pa kulia, kila siku ananiuliza, umemwambia? Ikafika siku nikashindwa. Nikaenda, nikapiga magoti mbele ya mama, nikamwambia yule hakuwa shehe.

"Najua," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Yule alisoma Yasini barazani siku tunamzika baba yako. Sisi wanawake tuko ndani, hatuoni mtu, tunasikia sauti. Alikuwa anavuta maneno kwa lafudhi yake ya Lindi, nikasema moyoni, huyu anasoma kwa machungu kama mwenye msiba. Nikauliza, nikaambiwa ni fundi wa mlangoni kwako. Sauti ile siwezi kuisahau. Alipotoa salamu tu, nikamjua."

"Sasa kwa nini ulitoka, mama?"

Alinitazama kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza ananitazama tangu siku ile.

"Ulikuja hapa na dini, ukaja na kelele, ukaja na habari za gari la matangazo. Hivyo vyote navijua. Ulipoleta fundi nguo wa watu awe shehe, ndipo nikaona. Nikasema, mwanangu anaogopa. Amemzika baba yake juzi, hana uwezo wa kunizika na mimi. Nilitoka kwa ajili yako. Ungesema naogopa tangu siku ya kwanza, ningetoka siku ya kwanza."

Nililia mpaka nikapaliwa. Nilikuwa nimemlilia baba vizuri, kwa adabu, msibani, huku nagawa sahani na kupanga wageni. Kilio hiki ndicho kilichokuwa cha baba. Mama akanipa maji, akaniambia nikamwombe fundi radhi.

Miezi minne na siku kumi ikatimia. Mashangazi wakafika asubuhi kumtoa eda, wamebeba maji ya kumwogesha, udi, na doti ya khanga mpya niliyoichagua mwenyewe dukani. Mama akawapokea vizuri, akawakalisha, akawapa chai. Halafu akasema bado.

"Bado nini?" shangazi mkubwa akauliza. "Tumehesabu."

"Bado siku mbili."

Wakamwambia zimehesabika, hata shehe wa kweli, niliyemuuliza aliporudi kutoka Kigamboni, alishasema zimehesabika. Mama akasema anajua. "Kwa Mungu zimehesabika. Lakini hizo nilikaa kwa mwanangu. Sikukaa kwa mume wangu."

Mashangazi wakanitazama mimi, kwamba nimkanye. Kwa kawaida yangu ningesema, tena kwa sauti. Nikawasindikiza mpaka barabarani na maji yao, nikampigia fundi nikamwambia afunge duka anitunzie funguo. Nikarudi ndani, nikavua viatu, nikashusha pazia, nikakaa chini kando ya mama. Siku mbili hizo na mimi sikutoka.