Nguo ya Matanga

Jumapili iliyopita nilialikwa akika Namakwekwe, hapa Mbale. Nakiri nilifuata pilau, Mungu anisamehe. Baba wa mtoto ni kijana wa Jinja ambaye Mungu amemjalia, kabla mwaka haujaisha, mtoto wa kwanza na riwaya ya kwanza.

Mtoto akanyolewa, wageni wakasifu kitabu, ambacho kijana alikuja na nakala yake ya kusahihisha kabla ya kuchapwa. Kijana alikuwa akimtazama bibi yake, mama wa baba yake, kwa hofu. Ndani ya riwaya hiyo amemzika baba yake mdogo, ambaye askari walimchukua wakati wa vita, miaka mingi iliyopita, asionekane tena. Bibi hajakubali hata siku moja awekewe matanga.

“We bwana vitabu, njoo,” bibi akaita. “Wanasema umemzika mwanangu.”

Kijana akapiga magoti. “Nisamehe, jaja,” akasema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

“Umemzika wapi?”

“Budondo, shambani kwetu.”

“Watu walikuja?”

“Walijaa mpaka barabarani.”

“Wakala?”

“Ng’ombe mzima, jaja.”

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya shuka. “Alhamdulillahi. Na mimi nilikuwepo?”

“Ulikaa mbele kabisa.”

“Nilivaa nini?”

Kijana akakuna kichwa. “Hiyo sikuandika.”

“Ala! Matanga ya mwanangu, mbele ya watu wote, umenikalisha uchi?”

Tulicheka, bibi akiwa wa kwanza. Kijana akaomba kalamu, akaandika pembeni mwa ukurasa kama alivyoagizwa: gomesi ya bluu, kitambaa cheupe kichwani. Wachapaji watalalamika kwamba amechelewa. Wamuulize bibi kuchelewa ni nini.