Laptopu ya Mama Kasoro

Zamani mtu akitaka mashine ya kuandikia alikalishwa kitini, akapewa karatasi, akaandika ukurasa mzima ndipo akatia mkono mfukoni. Siku hizi anaulizwa anapenda rangi gani.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyanung'unika babu tangu duka la kwanza. Alikuwa fundi wa taipureta kwa miaka thelathini na saba. Shule aliiacha darasa la nne, na mengine yote aliyoyajua aliyasoma kwenye karatasi ambazo watu walizisahau ndani ya mashine zao. Siku hiyo alimsindikiza mjukuu wake, msichana aliyekuwa anaanza chuo Jumatatu. Walichokuwa nacho kilitosha laptopu moja tu. Wakikosea, hakuna ya pili, na mjukuu angesoma miaka minne kwa kuazima mashine za wenzake kama mtu anayeomba moto kwa jirani.

Katika maduka matatu, vijana wauzaji walisifia kila walichokishika. La nne lilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ofisi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa uzi, bisibisi ndogo nyuma ya sikio. Majirani walimwita Mama Kasoro.

"Karibuni. Mnaitafutia kazi gani?" aliuliza. Hakuuliza wana kiasi gani.

"Ya chuo. Nasomea ualimu," mjukuu akajibu, lakini macho yake yalikuwa yameshatua kwenye moja nyembamba ya rangi ya fedha. "Hii je, dada?"

"Hiyo betri yake imeanza kuvimba tumbo. Kumbukumbu ni ndogo, na haiongezeki. Itakupendeza mpaka mtihani wa kwanza."

"Sasa mbona umeiweka mbele?" babu akadakia.

"Ndiyo inayowaingiza watu ndani, mzee wangu. Wewe si imekuingiza?"

Babu akaguna, akasogea karibu na meza.

Mama Kasoro akatoa nyingine chini ya meza: nyeusi, nene, pembe zimechubuka, iliyostaafu kutoka ofisi fulani. "Kabla hujaipenda nikwambie kasoro zake. Ni nzito. Spika ya kulia haisemi, na haitasema. Betri inakaa saa tatu, basi. Diski nimeweka mpya. Kumbukumbu nimeongeza, na siku ukitaka utaongeza tena."

Akaipindua, akafungua kifuniko cha chini mbele ya macho yao. Kwa ndani alikuwa amebandika kipande cha karatasi chenye mistari ya penseli: tarehe, na kilichofanyiwa kazi siku hiyo. Babu akainama hadi pua ikakaribia kugusa. Yeye pia aliandika hivyo chini ya rola za taipureta, ili fundi atakayekuja asipapase gizani. Alidhani desturi hiyo ilizikwa pamoja na wenzake.

"Nani kakufundisha hili?"

"Hakuna. Nilikuwa nasahau."

Akarudisha kifuniko, akasogeza kiti. "Kaa, binti, uandike ukurasa mmoja. Kibodi haichaguliwi kwa macho."

Mjukuu aliandika, kisha akampisha babu. Babu akazishukia herufi kama anayetwanga. Alipofika ukingoni mwa mstari, mkono wake wa kushoto ukaruka wenyewe kuirudisha karatasi mwanzo, kama ulivyozoea maisha yote. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na sinia la skrubu, likaenda sakafuni lote.

"Babu, siku hizi mstari unarudi wenyewe," mjukuu akasema, akibana kicheko.

"Ndiyo maana watu hawajui tena wamefika wapi."

Akapiga magoti. Mama Kasoro alimsihi aziache, maana zilikuwa za mashine tano mbalimbali. Hakusikia. Aliviringisha kila skrubu baina ya kidole gumba na cha shahada, macho ameyaelekeza darini, akazigawa mafungu matano. Mama Kasoro akazikagua moja moja chini ya taa.

"Umekosea moja," akasema.

Mtu mwingine angemsifia mzee ili yaishe. Huyu alimwonyesha kosa lake kama alivyoonyesha spika bubu, na hapo ndipo babu alipomwamini.

Mjukuu alikuwa bado anaipapasa ile ya rangi ya fedha. "Wenzangu watanicheka na hilo tofali."

"Watakucheka muhula wa kwanza," Mama Kasoro akasema. "Wa pili watakuja kuliazima."

Msichana akamtazama babu yake. Babu akatazama pembeni. Mguu ni wake, kiatu achague mwenyewe. Msichana akachukua tofali.

Mara ya mwisho babu kumwona Mama Kasoro ilikuwa miaka minne baadaye, wiki ambayo mjukuu alikabidhi tasnifu yake, iliyoandikwa yote kwenye ile nyeusi. Alikwenda kwa miguu kumpa habari. Alimkuta akimsomea mteja kasoro za mashine, akangoja mlangoni hadi amalize, kwa kuwa kazi ya namna ile haikatizwi. Kisha akamweleza.

Mama Kasoro akasikiliza, akavua miwani, akaifuta. "Na spika ya kulia?"

"Mpaka leo haijasema."

"Nilimwambia," akajibu, akairudisha miwani usoni na kuinamia kazi yake.