Mashine ya gemu niliyonunua Mjimwema

Jamani, leo nimetapika kwa sababu ya mashine ya gemu.

Nataka kufungua kibanda cha gemu hapa Bombambili. Hela niliyokuwa nayo ilitosha kununua mashine mpya bila runinga, au iliyotumika pamoja na runinga yake na pedi mbili za kuchezea.

Nikachukua iliyotumika. (Msinicheke. Bila runinga wateja wangetazama ukuta?)

Muuzaji ni baba mmoja wa Mjimwema, mstaarabu, shati limenyooshwa vizuri. Akaniambia, "Kijana, hii nimeitunza kama mtoto."

Nimefika nyumbani, nimeiweka mezani, mama ananitengea ugali na mlenda. Nikaiwasha.

Ilipopata joto, harufu ikaja kwanza, kama soksi iliyolowa wiki nzima.

Halafu mende.

Wakatoka kwenye matundu, wakubwa kwa wadogo. Mmoja akapanda pedi nikiwa nimeishika! Mwingine akaingia kwenye mlenda.

Nilipomaliza kutapika nikampigia yule baba.

"Shikamoo mzee. Hii mashine ina mende!"

"Marahaba. Wakubwa au wadogo?"

"Wote!"

"Aa, wangu walikuwa wadogo tu. Hao wakubwa ni wa kwenu."

Akakata simu.

Yaani alijua! Alijua, akanifungia mashine kwenye boksi, akanishika mkono na kunitakia baraka. Huyo ananitia kinyaa kuliko mende wenyewe.

Mama ameisukuma mashine nje kwa fagio. "Isirudi humu mpaka uisafishe, na wewe pia."

Sasa niko uani na bisibisi. Skrubu ya kwanza nimeifungua, nikaifunga tena haraka.

Nani ana roho ngumu aje anisaidie?